Waya wa Kijani

Fundi Eliakimu alianza kudharau watu kabla hajanywa chai. Akitoka nyumbani kwake ng'ambo ya reli, alikuwa ameshamdharau jirani aliyefunga redio kwenye betri ya gari bila fyuzi, ameshalidharau basi la Arusha lililopita na taa moja, na ameshamdharau askari aliyelisimamisha basi hilo akaliachia bila kuiona taa. Alipofika kwenye kijiwe chake kando ya barabara kuu ya Same, chini ya mabati chakavu karibu na stendi, alikuwa ameshiba. Chai ilikuwa ya kuteremshia tu.

Alikuwa fundi umeme wa magari. Hakuwa na kibao cha tangazo. Kibao cha nini? Anayetafuta fundi umeme Same atauliza, na akiuliza ataletwa hapa. Asiyejua kuuliza abaki na giza lake. Na wateja walikuja kweli, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri, ingawa mdomo wake ulikuwa wa kuogopesha. Alikuwa na namna ya kuchungulia chini ya boneti, halafu kuuliza, “Nani alikufanyia huu uchafu?” Mara nyingi aliyefanya uchafu alikuwa ni huyo huyo mwenye gari aliyesimama mbele yake.

Kazi alijifunzia kwenye shamba la mkonge kule tambarare, miaka ile ambayo sabuni ikifika dukani ilikuwa habari ya kijiji kizima na mafuta ya gari yalitoka kwa kibali. Wakata mkonge walitoka kila pembe ya nchi, na yeye, Mpare wa Bombo, aliwekwa karakana kwa kuwa alijua kusoma mita. Hakukuwa na vipuri. Nyaya alizitoa kwenye jenereta zilizokufa, fyuzi alizitengeneza kwa nyuzi za shaba, na betri aliziamsha kwa maneno makali na maji ya mvua. Siku ambazo dereva wa shamba alikuwa mgonjwa au mlevi, Eliakimu aliendesha Landrova kuwapeleka wagonjwa na kuwarudisha mabwana shamba kutoka mlimani.

Hapo ndipo alipopata tabia ambayo haikumtoka tena. Mafuta yalikuwa ya kubembeleza, kwa hiyo kila penye mteremko alizima injini, akatoa gia, akaliacha gari lishuke lenyewe kimya kimya. Ufunguo aliuacha umefunguliwa, maana ukiutoa, usukani unajifunga na mnaishia korongoni. Alipokaribia chini alikanyaga mafuta mara kadhaa mpaka sakafuni, kama mtu anayegonga mlango kabla ya kuingia, akatia gia, akaachia klachi, na Landrova ikaamka ikiguna. Madereva wote wa miaka ile walifanya hivyo. Tofauti ni kwamba wengine waliacha mafuta yalipoanza kupatikana, na Eliakimu hakuacha. Kwake, mtu anayeshuka mlima injini ikinguruma alikuwa sawa na mtu anayeacha bomba la maji wazi akaenda kulala. Mteremko ni wa bure, alisema. Mungu ameshautia mafuta.

Kisha mambo yakafunguliwa, biashara ikawa huria. Shamba la mkonge likauzwa kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso, wafanyakazi wakaambiwa warudi kwao, na Eliakimu akatoka na sanduku la vifaa badala ya kiinua mgongo. Barabara kuu ikajaa magari ya mitumba kutoka Dubai, magari yenye mazulia, harufu ya manukato na maandishi ya Kijapani mlangoni. Wenzake walifurahi. Yeye alidharau. Aliyadharau magari kwa kuwa na vitufe vingi, akawadharau walioyanunua kwa kutojua vitufe hivyo ni vya nini, na zaidi ya wote akawadharau mafundi wapya waliomenya waya kwa meno.

Katika dharau hiyo yote kulikuwa na mtu mmoja aliyemuuma, naye alikuwa binti yake wa pekee, Agape.

Agape alikuwa na duka la vipuri vya mitumba pale pale stendi. Alikuwa mtu mzima, mwenye akili ya haraka, na umri wake ulikuwa umefika pale ambapo shangazi hawaulizi tena hali, wanauliza lini. Si kwamba hakupata wachumba. Wa kwanza alikuwa mwalimu; Eliakimu alimpa koleo amshikie, akalishika vibaya, basi, ukawa mwisho wa mwalimu. Wa pili alikuwa karani wa stesheni. Huyo alisema mbele ya Eliakimu kwamba umeme ni umeme tu, na hakupewa hata maji ya kunywa. Kila mara baba alisema neno lile lile, “Simtoi mwanangu kwa mjinga.” Wachumba waliondoka, na Agape akarudi kuhesabu plagi zake.

Sasa alikuwa amekuja wa tatu, Nicolaus, kijana wa Bombo aliyekuwa dalali wa jasi kule Makanya. Alipanga malori, aliwatafutia wachimbaji wanunuzi, na alivaa miwani ya jua hata mawingu yalipoushukia mlima. Agape alimweleza baba yake bila kuzunguka.

“Baba, wazee wake wataenda kwa baba mkubwa Bombo kuleta posa. Ukimkataa huyu sitakuletea wa nne.”

“Unanitisha?”

“Nakuarifu.”

Mama yake, Ernesta, aliyekuwa akichagua mchele, hakuinua macho. “Na mimi nakuarifu,” alisema.

Eliakimu aliondoka kwenda kazini akiwa na hasira, na hasira ikakuta kitu cha kula. Asubuhi hiyo hiyo Nicolaus alikuja kijiweni na Korola yake nyeupe iliyotoka Dubai, akamwamkia kwa adabu, akafungua buti.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Umeleta nini, jeneza?”

Ndani ya buti kulikuwa na chupa ya chuma ya bluu, nene kama paja la mtu, imekwaruzwa pembeni. Pamoja nayo kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye mabomba, valvu mbili za umeme, swichi yenye kifuniko chekundu, nyaya zilizokatwakatwa, kisanduku cheusi, na mchoro uliokunjwa mpaka ukaanza kuchanika. Nicolaus alisema mwenye gari wa kwanza kule Japani alikuwa mtu wa mashindano. Gesi hii ikiingia kwenye injini pamoja na petroli, gari linapata nguvu ya ghafla. Wauzaji wa Dubai walikuwa wameufungua mtambo na kuutupia ndani ya buti. Yeye alitaka urudishwe.

“Wa kazi gani?”

“Kuna vijana wa Moshi wana magari. Wananicheka kwenye ile nyoofu ya Lembeni.”

Eliakimu alimtazama. Huyu ndiye aliyetaka kumwoa Agape. Mtu mwenye afya, mwenye gari, mwenye malori ya kupanga, na shida yake kubwa duniani ni kuchekwa Lembeni! Angeweza kumfukuza pale pale. Lakini mambo mawili yalimzuia. La kwanza, alitaka ushahidi wa kupeleka kwa wazee Bombo, na ushahidi mzuri kuliko huu angeupata wapi? La pili, ambalo asingelisema hata kwa mkewe, alikuwa hajawahi kuona mtambo huo, na mikono ilikuwa ikimwasha.

“Liache gari,” alisema. “Na wewe uwe unakuja uangalie, nisije nikaambiwa nimekuibia gesi.”

Kwanza alitaka kujua kama chupa ina kitu. Aliibeba begani mpaka kwa Hedwiga, muuza maharage, akaiweka kwenye mizani yake, juu ya maharage na kila kitu. Ilikuwa na uzito. Hedwiga akauliza kama ni gesi ya kupikia.

“Ni ile wanayopewa watu hospitali wanapong'olewa meno,” alisema Eliakimu. “Kuna mtu anataka gari lake ling'olewe meno.”

Hedwiga alicheka na kuwahadithia wateja wake, na kabla ya jua kuwa kali stendi nzima ilikuwa ikimwita Nicolaus Daktari wa Meno. Eliakimu aliona ushahidi umeanza vizuri.

Lakini kazi yenyewe aliifanya kama inavyotakiwa kufanywa. Hapo hakuwa na mzaha. Aliifunga chupa ndani ya buti kwa vyuma na mpira ili isicheze. Bomba alilipitisha chini ya gari, mbali na ekzosi, akalishika kwa vibanio kila mahali ambapo jiwe lingeweza kulivuta. Valvu, moja ya gesi na moja ya petroli, aliziweka karibu na kabureta. Nyaya za zamani alizitupa akaweka nene zake mwenyewe, akatia fyuzi na relei, na pa kufunga waya wa bodi alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Kwenye kabureta aliweka kiswichi kidogo kinachobonyezwa pale tu pedali inapofika sakafuni. Kwa hiyo ili gesi itoke, sharti mambo matatu yakutane: ufunguo uwe umefunguliwa, ile swichi nyekundu ya dashibodi iwe juu, na mguu uwe umekanyaga mafuta mpaka mwisho.

Nicolaus alikuwa akichutama kando yake na mchoro mkononi, miwani imepanda kichwani. Agape alikuwa amekuja na chai ya baba yake, akabaki amesimama na chupa ya chai.

“Fundi, na huu waya wa kijani?” aliuliza Nicolaus. “Kwenye mchoro unatoka kwenye kisanduku cheusi unakwenda kwenye altaneta.”

Eliakimu aliujua waya huo tangu siku ya kwanza. Hakuhitaji Kijapani kuuelewa. Kazi ya kisanduku ilikuwa kusikiliza kama injini inazunguka. Isipozunguka, kinakata umeme, na gesi haitoki hata ukikanyaga vipi. Kisanduku kilikuwa kimeungua. Angeweza kutengeneza kingine kwa relei ya kawaida, kazi ya kumaliza kikombe cha chai. Lakini alikuwa amechoka na maswali ya mtu mwenye miwani kichwani, na Wajapani nao alishawachoka kwa kudhani kila dereva ni mtoto.

“Huo ni pambo,” alisema. “Ni wa kuzuia gesi isiingie wakati injini imezimwa.”

“Si ni muhimu basi?”

Eliakimu aliweka bisibisi chini. Aligeuka polepole, akamtazama kijana, akamtazama binti yake ili naye asikie vizuri.

“Hebu niambie, bwana Nicolaus. Mjinga gani atakanyaga mafuta injini imezimwa?”

Nicolaus alifikiri. Kwa kweli alifikiri, maskini. Alizaliwa wakati mafuta yalikuwa ya shida lakini alijifunza gari wakati yamejaa kila kona, na hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo. “Hakuna,” alisema.

“Hakuna,” alirudia Eliakimu. Aliuzungushia waya wa kijani utepe mweusi, akausukuma nyuma ya dashibodi, akainua mkono kudai chai yake. Agape alimmiminia.

Walilijaribu gari kwenye barabara ya Lembeni. Nicolaus aliinua swichi, akakanyaga, na Korola ikaruka mbele na kumbandika Eliakimu kwenye kiti. Mabati ya Lembeni yalikuja mbio. Kitu kilimpanda Eliakimu kifuani, akakaribia kupiga kelele ya furaha, na hilo lilimchukiza kuliko yote. “Linakwenda,” ndilo neno pekee alilolitoa.

Siku ya posa walipanda Bombo kwa Korola hiyo hiyo, Nicolaus kwenye usukani, Eliakimu kando yake na Agape nyuma. Ernesta alibaki, akasema amewaarifu wote waliotakiwa kuarifiwa. Walipita tambarare ya Kisiwani na vumbi lake, wakaanza kupanda, na hewa ikabadilika, migomba ikaanza, na watu waliokuwa mashambani wakanyoosha migongo kutazama. Kwenye mwinuko mmoja Nicolaus aliinua ile swichi na kukanyaga. Gari lilipanda kama limeitwa. Eliakimu alitazama dirishani.

Kaka yake mkubwa, Tumainieli, ndiye mwenye boma la ukoo. Hapo ndipo posa zote za ukoo hupokelewa au kurudishwa. Mshenga wa Nicolaus alikuwa Mzee Sadock, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, ambaye nyumba yake ilionekana ng'ambo ya bonde. Alikuwa ameleta mtungi wa dengelua, pombe ya miwa, kama inavyotakiwa. Kwa watu hawa hakuna haja ya kusema mengi: baba wa binti akinywa kata ya kwanza, posa imepokelewa. Asipoigusa, mtungi unarudi ulikotoka, na mambo yamekwisha. Mchumba mwenyewe haingii ndani. Nicolaus alibaki nje, akiegemea gari lake. Agape aliingia jikoni kwa wanawake, ambako ukuta ni wa mbao na kila neno linasikika.

Mzee Sadock alisema yake. Tumainieli akachota kata, akamnyooshea mdogo wake.

“Subirini,” alisema Eliakimu, na hakuipokea.

Akaanza kuwapa ushahidi. Aliwasimulia habari ya chupa ya bluu, ya vijana wa Moshi, ya Hedwiga na maharage yake. Alikuwa msimuliaji mzuri dharau ilipompanda, na wazee wakaanza kutikisika mabega. Alipoona wamekolea, akawapa lile la mwisho.

“Sasa nasukuma waya mahali pake, kijana ananiuliza, fundi, na huu? Nikamwambia huo ni wa kuzuia gesi wakati injini imezimwa. Eti, si ni muhimu? Nikamuuliza, mjinga gani atakanyaga mafuta injini imezimwa?” Alisubiri kidogo. “Akafikiri! Jamani, alikaa akafikiri!”

Wazee waliangua kicheko. Tumainieli alicheka mpaka dengelua ikamwagika kwenye kata. Mzee Sadock peke yake hakucheka.

“Ndiyo maana nasema,” alimaliza Eliakimu, “mwanangu simtoi kwa mjinga.”

Tumainieli aliirudisha kata mtungini. Eliakimu alipotoka nje alikuta Agape ameshakaa ndani ya gari, kiti cha nyuma, uso umegeukia upande wa pili. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa kama abiria asiyemjua mtu yeyote humo ndani. Eliakimu aliona uso ule, moyo ukamchoma, naye akafanya anachofanya siku zote moyo ukimchoma. Alitafuta mtu wa kumdharau.

“Lete ufunguo,” alimwambia Nicolaus. “Ulipandisha kama mwizi. Nitakuonyesha gari linavyoshushwa mlima.”

Nicolaus alikuwa ameshaelewa, maana mtungi ulikuwa nje, mlangoni, ukisubiri kubebwa. Alitoa ufunguo. “Ngoja nifunge koki ya chupa kwanza, mzee. Na ile swichi niliiacha juu.”

“Nani ameufunga mtambo huu?”

“Wewe, mzee.”

“Basi ingia, kaa.”

Walipovuka tu kona ya kwanza chini ya boma, mteremko ulijifungua mbele yao, mrefu, mzuri, wa bure. Mkono wa Eliakimu haukuuliza ruhusa. Ulizungusha ufunguo kidogo, injini ikanyamaza, ukaurudisha mahali pake, taa za dashibodi zikawaka, ukatoa gia. Gari likashuka kimya. Walisikia matairi na ndege tu.

“Mzee, umezima?” aliuliza Nicolaus. “Breki zitakuwa ngumu.”

“Breki ni mguu. Wenzako tumeshusha Landrova zenye wagonjwa humu, mafuta yako kwenye kibali, wala hatukuwa na miwani.” Na akaendelea kumweleza habari ya miaka hiyo, jinsi walivyojua thamani ya kila tone, jinsi vijana wa siku hizi walivyofunguliwa kila kitu isipokuwa akili. Alikuwa anaona raha. Aliona chini barabara ikianza kulala, daraja dogo, na baada ya daraja mwinuko. Ni wakati wa kuliamsha gari.

Alikanyaga mafuta mpaka sakafuni. Mara ya pili. Mara ya tatu. Mbele, chini ya boneti, kitu kilifanya sss, kidogo, kama mtu anayewanyamazisha watoto kanisani.

“Mzee!” alipiga kelele Nicolaus.

Eliakimu alikuwa ameshatia gia na kuachia klachi.

Mlio ule waliusikia hata ng'ambo ya bonde, na Mzee Sadock, aliyekuwa njiani anarudi na mtungi wake, akageuka. Boneti iliruka ikapiga kioo cha mbele, dunia yote ikawa nyeupe na nyufa. Kifuniko cha kichujio cha hewa kilipaa mpaka kwenye migomba ya mtu. Eliakimu hakuona kitu, breki zilikuwa kama jiwe, na ni mkono wa Nicolaus ulioshika usukani kutoka pembeni ukaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, upande wa mlima. Likakwaruza, likasimama. Nicolaus alikuwa ameshatoka, amefunga koki ya chupa, na sasa alikuwa anatupa udongo kwa mikono yote miwili kwenye moto mdogo uliokuwa ukilamba kabureta. Miwani ilianguka akaikanyaga bila kujua.

Eliakimu alibaki amekaa. Paji la uso lilikuwa limegonga usukani na lilikuwa linavimba. Masikio yalilia. Sauti ya Agape ilimfikia kutoka mbali, ingawa binti alikuwa ameinama begani kwake.

“Baba. Mguu wako. Bado umekanyaga.”

Alitazama chini. Kweli, mguu ulikuwa sakafuni, umekandamiza pedali kwa nguvu zote. Akautoa.

Hakukuwa na namna ila kupanda tena kwa miguu mpaka bomani. Nicolaus alitangulia, mikono myeusi, akisimama kila mara kumsubiri mzee, na kusubiriwa huko kulimuuma Eliakimu kuliko paji la uso. Alitafuta ndani yake neno la kumdharau kijana. Alitafuta kwa bidii. Siku zote yalikuwa yamejaa pale, kama misumari ndani ya kopo, na leo alitikisa kopo halikulia.

Wazee walikuwa wamesimama uani, na Mzee Sadock amerudi na mtungi wake, anahema. Tumainieli alitazama mikono myeusi ya Nicolaus, akaanza kutabasamu.

“Ni ile chupa?”

“Ndiyo, mzee,” alisema Nicolaus. “Mlipuko ulikuwa kwenye kabureta. Gesi na petroli viliingia injini ikiwa imezimwa, ilipowaka vikalipuka.”

Tumainieli alijipiga paja. “Kumbe yule mjinga wa fundi amepatikana! Mjinga gani atakanyaga mafuta injini imezimwa? Huyu hapa, amepanda na miguu yake!” Wazee wakacheka, wengine wakimwonyesha kwa fimbo. “Ulikuwa kwenye usukani, kijana?”

“Gari ni langu, mzee. Kosa ni langu.”

Kicheko kikaongezeka. Na hapo ilikuwa rahisi sana. Eliakimu alihitaji kunyamaza tu. Wangecheka mpaka wachoke, mtungi ungerudi, na stendi ya Same ingepata hadithi ya kutosha mwaka mzima. Waliojua ukweli walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa ameshaubeba mzigo bila kuombwa. Alimtazama Agape. Agape hakumsihi. Alikuwa anamtazama kama anavyomtazama mteja anayedai plagi mbovu ni nzima: anajua, anasubiri tu kuona mtu huyo ni wa namna gani.

“Uongo wenyewe hajui kuusema,” alisema Eliakimu kwa sauti kubwa, na wazee wakageuka. “Aliniomba afunge koki, nikamkatalia. Aliniuliza habari ya waya, nikamcheka. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Nilizima, nikakanyaga.”

Halafu Mzee Sadock, ambaye hakucheka siku nzima, alianza kucheka. Alicheka taratibu, kwa heshima ya mzee wa kanisa, akishika fimbo yake kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Tumainieli akamfuata, kisha wote, kisha jikoni kule nyuma ya mbao wanawake nao, na kicheko hiki kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya mwanzo. Eliakimu alisimama katikati yake na uvimbe wake kwenye paji la uso, akajua kwamba watu anaowacheka kila siku hujisikia hivi.

Tumainieli alipangusa macho. Aliuvuta mtungi kutoka miguuni pa Mzee Sadock, akachota kata, akaijaza.

“Umesema humtoi mwanao kwa mjinga,” alisema. “Na sisi tunasemaje, mwanao ametoka kwa nani?”

Akamnyooshea kata. Eliakimu aliipokea kwa mikono miwili. Alimtazama Nicolaus, aliyekuwa bado na udongo kwenye nyusi.

“Ule waya wa kijani,” alimwambia, “utaufunga wewe. Mimi nitakushikia koleo.”

Kisha akanywa mpaka chini, akaigeuza kata ili waone kwamba ni tupu.